Ukiachana na Meneja, Namba Zako Zinabaki kwa Nani? Yaliyomkuta MC Huyu wa Dar

Mjini hapa msanii na meneja wakiachana, watu huulizia vitu vilevile. Nani kabaki na nyimbo? Nani kabaki na chaneli ya YouTube? Jina la kisanii ni la nani? Na lile gari je, lilikuwa la kwake kweli au la kuazima? Wiki nzima mitandao inawaka moto. Ila kuna mali moja hakuna anayeiulizia, wakati ndo inayoleta ugali mezani kila siku: majina yaliyomo kwenye simu na tarehe zilizomo kwenye kalenda.

Muulize MC mmoja wa kike wa Dar es Salaam, jina kapuni. Yule mwenye sauti nene kidogo, anayewapandisha wajomba jukwaani hadi wanasahau kuwa wana presha. Kicheni pati yumo, sendofu yumo, harusi yumo, kipaimara ndo usiseme. Mwaka wake mzima umebebwa na vitu viwili tu. Cha kwanza ni namba za watu: wenyekiti wa kamati, wapambaji, wapishi, maDJ, wapiga picha, wenye kumbi. Cha pili ni tarehe. Akipoteza namba hana wa kumpigia. Akipoteza tarehe anakula advansi ya watu wawili kwa Jumamosi moja, na kamati ya harusi ikishachangisha watu hela zao huwa haina utani.

Yote mawili yalimpotea kwa jioni moja. Na hakuibiwa simu.

Simu mbili, namba ziko sehemu nne

Dada huyu alikuwa na iPhone ya picha na Instagram, Tecno yenye laini mbili ya kupokelea wateja, na kompyuta mpakato ya kuandikia ratiba za shughuli. Mtu wa kawaida tu wa mjini. Ungemuuliza namba zake ziko wapi angekushangaa: "Si kwenye simu, kwani huwa zinakaa wapi?"

Kumbe zilikuwa zimesambaa sehemu nne, na hata moja hakuichagua yeye.

Sehemu ya kwanza ilikuwa laini yenyewe. Huko kulikuwa na namba za zamani, enzi za kidato cha nne. Laini ya kawaida hubeba majina kama 250 hivi, jina fupi na namba, basi. Imeili haiingii, siku ya kuzaliwa haiingii, wala maelezo kwamba huyu ni mwenyekiti wa kamati ya nani. Na wengi wanajidanganya hapa: ukipoteza laini ukaenda kusajili upya kwa alama za vidole, unarudishiwa namba yako na hela zako za simu. Majina uliyohifadhi kwenye ile kadi ya zamani hayarudi. Yameondoka nayo.

Sehemu ya pili ilikuwa tumbo la Tecno. Kila alipohifadhi namba haraka haraka huku DJ anapiga muziki, simu ilimuuliza aiweke wapi, naye akabonyeza cha kwanza kilichotokea. Namba ya aina hiyo inakaa kwenye kile kifaa tu. Simu ikidumbukia kwenye ndoo, imekwenda na maji.

Ya tatu ilikuwa akaunti ya Gmail ya kazi, aliyofunguliwa na meneja wake. Hapo ndo palikuwa na mzigo wa maana, majina zaidi ya elfu moja, pamoja na kalenda yote.

Ya nne ni iCloud. Hiyo alifunguliwa na kijana wa duka Kariakoo siku aliyonunua iPhone. Imeili ni ya yule kijana, neno la siri liliandikwa kwa kalamu nyuma ya boksi, na boksi dada wa kazi alishalitupa zamani. Akina dada na kaka wangapi wa mjini wanatembea na iPhone ya milioni, wakati aliyefungua akaunti yake ni fundi ambaye hata jina hawalijui?

Watu wanadhani kuchagua mahali pa kuweka namba na kalenda ni mambo ya watu wa IT. Ukweli ni kwamba kila mtu ameshachagua, siku ile alipobonyeza sawa bila kusoma. Au kuna mtu alimchagulia.

Ukimwaga mboga, namwaga ugali

Meneja hakuwa mtu baki. Alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, kaka kabisa. Aliifungua ile Gmail mwaka 2019, wakati MC bado anaendesha kipaimara kwa nauli na sahani ya pilau. Na haki yake apewe: alihangaika. Alizunguka kumbi za Sinza, Mwenge na Tabata akiacha kadi, na nusu ya zile namba alizisaka yeye kwa miguu yake. Akaunti ilikuwa na jina la MC, ila namba ya simu ya kuirudishia ilikuwa ya meneja, na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa unaingia kwenye simu ya meneja. Nyumba ina jina la dada, funguo anazo kaka.

Walipokosana kuhusu asilimia, mwezi wa kumi, ikawa ukimwaga mboga namwaga ugali. Meneja akabadilisha neno la siri jioni ileile. Tecno ikatoa ujumbe: ingia tena kwenye akaunti.

Mpaka hapo hakuna kilichokuwa kimeharibika. Neno la siri likibadilishwa, simu inaacha kusawazisha, yaani haipeleki wala haipokei kitu kipya. Majina yaliyokwishashuka kwenye simu yanabaki palepale. Angekuwepo mtu wa kumwambia atulie, angefungua programu ya majina, akachagua kuyatoa yote kama faili moja la vCard, lile lenye vcf mwishoni, akajitumia kwenye WhatsApp. Dakika mbili. Aina hiyo ya faili ipo tangu miaka ya 1990 na karibu kila simu inaisoma, iwe Samsung, iPhone au Infinix.

Ila mtu mwenye hasira hatafuti faili. Dada aliingia kwenye mipangilio akaiondoa ile akaunti kwenye simu zote mbili, "sitaki hata kuliona jina lake." Na akaunti ikiondolewa kwenye simu, inaondoka na majina yake na kalenda yake. Elfu moja na ushee wakabaki watu mia mbili na kitu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, msimu wenyewe wa harusi, kalenda ikawa nyeupe kama kanzu ya Idd.

Ujumbe wa hela ulivyomwokoa

Kilichomsaidia ni kitu ambacho hakuna anayekihesabu kama kumbukumbu: ujumbe wa malipo ya simu. Kila advansi ilikuwa imeingia na jina, kiasi na tarehe. Alinunua kaunta buku, akakaa sakafuni, akaandika ujumbe mmoja mmoja kuanzia Agosti. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Makundi ya WhatsApp ya kamati nayo yakampa namba nyingine. Akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine: "Shikamoo mama, samahani, naomba unikumbushe tarehe yetu."

Fikiria aibu. MC anayelipwa kukumbuka majina ya mashangazi wote ukumbini, anaomba kukumbushwa tarehe ya harusi.

Alizipata karibu zote. Jumamosi moja ya Desemba ikagongana: harusi Mbezi, sendofu Tabata. Mama wa binti wa sendofu hakupayuka. Alisema tu, "Mwanangu, tumeshawatangazia watu jina lako." Ilibidi MC mwenzake aende Tabata, na hela ya kumlipa ikatoka kwenye pochi ya dada. Mwezi ule kodi ya nyumba alikopa.

Kuna jina moja halikupatikana kwa ujumbe wowote. Baba yake alifariki 2021, na namba yake ilikuwa kwenye ile akaunti, imehifadhiwa kama "Mzee wa Kazi". Hakuwa na mpango wa kuipiga. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaweza kuigawa kwa mtu mwingine, hilo alilijua. Alitaka tu akitafuta herufi M, lile jina litokee. Hilo hakuwahi kumwambia meneja hata kwenye ugomvi.

Njia nne mezani

Kijana anayemfungia mitambo ya muziki ndo alimkalisha chini. Njia ziko nyingi lakini kwa mtu wa simu mbili za aina tofauti zinabaki nne.

Ya kwanza ni kuendelea na laini na tumbo la simu, na kuhamisha kwa mkono kila ukibadilisha kifaa. Bure kabisa, wala haihitaji bando. Lakini hakuna kusawazisha chochote. Ukibadilisha namba ya mteja kwenye Tecno, iPhone haina habari.

Ya pili ni iCloud. Kwa mtu mwenye iPhone na kompyuta ya Mac, ni raha: anaandika huku, inatokea kule. Shida ni ile Tecno. Apple haijatengeneza programu ya kuingiza majina ya iCloud kwenye Android, kwa hiyo utapita kwenye kivinjari au utafute programu ya watu wengine. Kwa mtu ambaye wateja wanapiga kwenye Tecno, hiyo ni kupanda daladala mbili kwenda dukani kwa mangi wa mtaani.

Ya tatu ni Google. Android nyingi zinakuja nayo, na iPhone inaikubali vizuri: unaongeza akaunti ya Gmail kwenye mipangilio, unawasha majina na kalenda. Ukifuta jina kwa bahati mbaya linakaa kwenye pipa la taka siku 30, na unaweza kurudisha orodha nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya hizo 30. Wenye Huawei mpya wanajua shida yao, tangu vikwazo vya Marekani vya 2019 simu hizo mpya haziji na huduma za Google.

Ya nne ndo kijana aliipenda mwenyewe: kuwa na seva yako. Kuna programu ya bure inaitwa Nextcloud, ipo tangu 2016, unaiweka kwenye kompyuta yako au unakodi nafasi mtandaoni. Simu zinaongea nayo kwa njia mbili za wazi ambazo si mali ya kampuni moja, CalDAV ya kalenda na CardDAV ya majina. iPhone inazo tayari, Android unaongeza programu kama DAVx5. Hakuna kampuni kubwa inayochungulia ratiba yako.

Hapo dada akauliza swali moja tu: "Na ikizima siku ya harusi, nampigia nani?"

Kijana akacheka. Jibu lilikuwa yeye mwenyewe. Na neno la siri la seva angelishika nani? Yeye. Yaani dada angetoka mikononi mwa meneja akaingia mikononi mwa fundi mitambo. Kwa mtu anayejua kuitunza seva, njia hiyo ndo yenye uhuru mkubwa. Kwa asiyejua, uhuru ule ni wa anayemtunzia.

Alichochagua

Alichukua Google. Haina kila kitu kizuri, ila ilikaa kwenye simu zake zote mbili na funguo angeweza kuzishika mwenyewe. Kazi yenyewe ilimchukua Jumapili moja mchana.

Alifungua akaunti mpya kwa mikono yake, namba ya kurudishia ni yake, imeili ya pili ni ya mama yake mzazi. Akawasha uthibitisho wa hatua mbili. Google ikampa zile namba 10 za dharura, akazichapa stesheni, karatasi ikaenda kukaa kwenye bahasha ya vyeti vya shule. Akatoa majina ya laini na ya tumbo la Tecno kama vcf, akayaingiza kwenye akaunti mpya, kisha akaunganisha yaliyojirudia. Mpishi mmoja alikuwa ametokea mara tano: Mama Pilau, Mama pilau Sinza, Mama P, Pilau, na MAMA PILAU MPYA.

Halafu akafanya kile ambacho wengi hukisahau: kwenye kila simu alichagua akaunti hiyo kuwa ndo ya msingi ya kuhifadhia namba mpya. Usipofanya hivyo, iPhone inaendelea kuweka iCloud, Tecno inaendelea kuweka tumboni, na baada ya miezi sita umerudi kulekule.

Kila mwisho wa mwezi anatoa vcf moja anaiweka kwenye flashi. Maana kusawazisha si kuhifadhi. Ukifuta jina huku, linafutika kule pia, kwa uaminifu kabisa.

Msaidizi wake mpya hajapewa neno la siri. Amepewa kalenda ya Kazi tu, kwa njia ya kushirikisha, ambayo unaifungua kwenye kompyuta. Unaamua mwenzako aone tu kama una nafasi, aone maelezo yote, au aweze kuandika. Msaidizi anaandika. Wakikosana kesho, dada anaondoa jina moja na tarehe zote zinabaki kwake. Kalenda ya Familia msaidizi haioni kabisa.

Kalenda haijui Kiswahili

Kuna mambo kalenda haiwezi kuyajua hadi uifundishe. Msaidizi wiki ya kwanza aliandika sendofu "saa 2 usiku", kalenda ikaelewa saa nane za usiku wa manane, ikamwamsha bosi wakati bundi wanaongea. Sasa kanuni yao ni moja: tarehe inaandikwa kwa saa za kalenda, 20:00, na kwenye maelezo wanaandika saa mbili usiku kwa ajili ya binadamu.

Alipoitwa kuendesha harusi Muscat, ambako ukumbi mzima ulikuwa unaongea Kiswahili cha pwani kuliko yeye, jambo lilikuwa lingine. Muscat iko mbele ya Dar kwa saa moja. Shughuli ya saa 20:00 ya kule, ukiiandika 20:00 ya Dar, ukitua Muscat simu inakuonyesha 21:00, na bibi harusi ameshaingia. Dawa ni kuchagua saa za Muscat kwenye tukio lenyewe wakati unaliandika.

Na Idd ndo kabisa. Kalenda ya simu inakuwekea tarehe, mwezi unaandama unavyotaka. Shoo za Idd Mosi anaziandika siku mbili, na advansi anachukua moja.

Faili kutoka kwa kaka

Mama mdogo ndo aliyewakalisha, kama kawaida ya familia. Meneja alikuwa na hoja yake: "Zile namba nilizitafuta mimi." Dada na yeye: "Waliponipa kazi walinipa mimi." Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndo maana ilikuwa ngumu. Na kuna mtu wa tatu ambaye hakuwepo kwenye kikao: wale watu elfu moja wenye namba zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Namba ya mama wa bibi harusi, na ujumbe kwamba anadaiwa nusu, si mali ya kugombania kama sofa.

Wiki ya tatu ikaingia faili kwenye WhatsApp ya dada. Hakuna salamu, hakuna maneno, vcf moja tu. Majina yote yalikuwemo. Alitafuta herufi M kabla ya kitu kingine chochote.

Hawafanyi kazi pamoja tena, ila kwenye misiba ya familia wanasalimiana.

Na tusidanganyane, Google nayo ni mwenye nyumba. Akaunti usiyoigusa miaka miwili wanaweza kuifuta, walianza utaratibu huo Desemba 2023. Ukihamia Apple ukawasha ule ulinzi wao mkali zaidi, bado majina na kalenda haviingii kwenye ule ufungaji ambao Apple wenyewe hawawezi kuufungua. Kwa hiyo popote utakapokaa, usiandike kwenye jina la mtu siri ambayo usingeitaka isomwe ukumbini.

Wadau, kabla hujaskroli kwenda kuona nani kaachana na nani leo, fungua simu yako. Angalia namba ya mwisho uliyohifadhi imekaa akaunti gani. Angalia namba ya kuirudishia hiyo akaunti ni ya nani. Kama ni ya eksi wako, ya bosi wako au ya fundi wa Kariakoo, basi namba zako zinalala kwa mtu. Zitoe faili leo, wakati bado mnaongea vizuri.

Haya, tupia komenti hapo chini: zako zinakaa kwa nani?